Makanisa Mawili kwenye Anwani Moja

Miaka ile nilikuwa nachoka kabla sijaanza kazi. Nilikuwa nimeajiriwa katika mji wa Columbia, Marekani, katika ofisi ya kupokea simu za watu walioshindwa kuingia kwenye kompyuta zao, na mchana kutwa nilikuwa nawauliza wageni, kwa Kiingereza changu cha Dodoma, kama wameshajaribu kuzima na kuwasha. Jioni nilirudi Adelphi, kwenye fleti yetu karibu na University Boulevard, nikabandika chungu, nikawa namsubiri mume wangu arudishe teksi. Kabla wali haujakauka maji, simu yangu mwenyewe ilikuwa imeshaanza kulia. Hawa sasa walikuwa watu wetu, na walisema kwa Kiswahili: "Dada, tovuti haifunguki."

Sikuwahi kukaa chini nikaamua kuwa fundi wa tovuti za Waswahili wa Maryland. Kanisa letu lilikuwa Silver Spring, katika jengo la kuazima. Wenyewe wakimaliza ibada yao asubuhi, sisi tuliingia mchana na ngoma zetu. Wakenya ndio waliokuwa wengi, Watanzania tulifuata, na walikuwepo Wakongo wachache waliotushinda wote kwa kuimba. Mchungaji alikuwa Mkenya wa makamo, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini. Siku moja aliuliza kama kuna anayejua kutengeneza tovuti ili watu wajue saa ya ibada. Mume wangu akaninyooshea kidole. Ndivyo nilivyoanza.

Nilikodi seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, kwa kampuni moja ya mbali, nikaweka saa za ibada na picha ya Mchungaji akitabasamu. Ingeishia hapo. Lakini wengi wetu tulikuwa wauguzi na walezi wa wazee, na kazi hizo hazijui Jumapili. Mtu aliweza kumaliza miezi hajakanyaga kanisani. Mchungaji akaomba ukurasa ambao mtu akiwa kazini anaweza kuandika haja yake, na kikundi cha maombi kikaisoma Jumatano na kumwombea. Watu wakaandika kuliko tulivyotegemea. Waliandika habari za ndoa, za uvimbe uliogunduliwa, za karatasi za uhamiaji zilizokwama. Mama mmoja akauliza swali la maana: maneno hayo yakiwa njiani, nani mwingine anaweza kuyasoma?

Nikanunua cheti. Kwa wasioijua kazi hii, cheti ni uthibitisho kwamba tovuti uliyoifungua ni ile uliyoikusudia. Kikishawekwa, maneno yanafungwa yanaposafiri na kufuli dogo linaonekana kwenye kioo cha kompyuta. Mchungaji alilitangaza kufuli lile madhabahuni kwa furaha, kama mtu aliyenunua gari.

Kisha kanisa likagawanyika. Sababu nilizisikia nyingi, na kila aliyenieleza alieleza yake. Mchungaji msaidizi, kijana Mkenya aliyefanya kazi ya bima siku za juma, aliondoka na karibu nusu ya waumini, wakaanza kusali katika ukumbi wa shule huko Columbia. Haukupita muda akanipigia kuniomba niwatengenezee tovuti yenye ukurasa wa maombi kama ule wa zamani.

Nilimwendea kwanza Mchungaji wetu, ambaye sasa tulimwita mzee, sikutaka mambo ya kificho.

"Mtengenezee," alisema. "Sisi si maadui." Alikuwa anakunja mkeka wa watoto wa shule ya Jumapili, na aliendelea kuukunja hata ulipokwisha kukunjika.

Tatizo lilikuwa la kifundi. Seva yangu ilikuwa na anwani moja tu ya namba, na makanisa yote mawili yalikaa nyuma ya anwani hiyo. Kwa kurasa za kawaida hakuna shida, maana mgeni anapoingia anataja jina la tovuti anayoitaka na seva inampeleka panapostahili. Kurasa za kufuli zilikuwa na utaratibu mwingine. Siku zile seva ililazimika kutoa cheti kabla mgeni hajataja jina lolote. Haikujua anamtafuta nani, kwa hiyo ilitoa cheti kile kile kwa kila aliyekuja, nacho kilikuwa cha kanisa la zamani. Ilikuwepo njia mpya ya kuondoa tatizo hilo, ila kompyuta za watu wetu, nyumbani na makazini, zilikuwa za zamani na hazikuielewa. Niliomba kampuni inipe anwani ya pili. Wakajibu kwamba kwa wateja wadogo kama mimi hazipo.

Nikafanya walichofanya mafundi wengi wakati huo. Kanisa jipya nililifungulia mlango wa pembeni kwenye seva ile ile, nikalipatia cheti chake. Ila ili uupite mlango huo, ilibidi anwani uliyoandika iishie kwa mkia wa nukta mbili na tarakimu kadhaa. Mchungaji kijana aliwasomea waumini mkia huo, na mimi niliuandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wao wa mbele. Kwa muda mambo yakatulia.

Jumamosi moja nilikuwa Silver Spring, kwenye duka la vyakula vya kwetu, nikichagua ndizi. Mtu akanishika mkono. Alikuwa muuguzi, mama wa Kikisii tuliyeimba naye kwaya moja kabla kanisa halijagawanyika. Alikuwa amekwenda na kundi la Columbia. Alivaa sare za hospitali na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, nakuuliza kitu moja tu," alisema. "Maombi yangu yanasomwa na nani?"

"Na kikundi chenu cha maombi. Kuna nini?"

"Jana nilifungua nikiwa kazini, wakati wa mapumziko. Kompyuta ikaniambia hii tovuti si ile unadhani. Ikaandika jina la kule tulitoka. Nikabonyeza kuendelea, nikaona sura ya Pasta mwenyewe, yule wa zamani. Anatabasamu."

Nikaelewa papo hapo. Kompyuta za hospitali yao zilizuia milango isiyo ya kawaida, ukurasa ukakataa kufunguka. Yeye akadhani amekosea kuandika, akaukata mkia. Bila mkia aliangukia mlango wa mbele, wenye cheti cha wenzao na picha ya wenzao.

"Uliandika anwani bila ule mkia wake?" nikamuuliza.

"Mkia gani? Mimi nakuambia juu ya roho yangu na wewe unaniambia mkia!"

Watu wakageuka. Mwenye duka akajifanya anapanga makopo ya nyanya. Nikamvuta pembeni, karibu na magunia ya mchele, nikamweleza taratibu kama nilivyozoea kueleza kwenye simu za ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Hakuondoka kanisa la zamani kwa sababu ya ugomvi wa wachungaji. Alimweleza siri yake mmoja wa kikundi cha maombi, na baada ya siku chache akasimuliwa siri hiyo na mtu mwingine kwenye maegesho ya magari.

"Sasa unaelewa kwa nini sikulala," alisema.

"Naelewa."

"Na wewe mwenyewe? Wewe unaweza kusoma?"

Ningeweza kumdanganya. "Naweza," nikasema. "Mashine iko mikononi mwangu. Lakini sijasoma hata siku moja."

"Lakini unaweza."

"Naweza."

Akatikisa kichwa, akasukuma toroli lake kwenda kulipa. Niliziacha ndizi pale pale, nikaenda kukaa ndani ya gari bila kuwasha injini.

Siku chache zilitosha habari kuzagaa. Columbia walisema wazee wa Silver Spring wanachungulia maombi yao. Silver Spring walisema wale walioasi hata cheti wanatumia cha wenzao. Simu yangu haikupumzika. Nilikuwa natoka kuwasikiliza wageni mchana kutwa, nikaingia kuwasikiliza ndugu jioni nzima, na wote walikuwa na lawama moja: kompyuta imewasaliti. Mume wangu alisema, "Waachie tovuti zao." Nikamjibu kwamba nikiziachia zitakufa, na maneno ya watu yamo ndani. Akaninyang'anya mwiko akamalizia kupika yeye.

Nilijua dawa ipo. Kampuni za vyeti zilikuwa zimeanza kutoa cheti kimoja chenye majina zaidi ya moja. Nikikiweka, mgeni wa kanisa lolote angepita mlango wa mbele bila mkia na bila onyo. Lakini kilikuwa na masharti mawili. La kwanza, kampuni ingewaandikia barua pepe wenye kila jina, na kila upande ulazimike kukubali. La pili, yeyote atakayebonyeza lile kufuli angeona majina ya makanisa yote mawili yamekaa pamoja. Wachungaji wale walikuwa hawajasalimiana tangu kanisa ligawanyike.

Nilikutana na yule kijana saa ya chakula cha mchana, kwenye benchi kando ya ziwa, Columbia. Alikuja na tai shingoni na mkate wake kwenye karatasi. Nilipomaliza kueleza aliacha kutafuna.

"Kwa hivyo tutakuwa kwenye cheti kimoja na wao."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na jina gani linatangulia?"

Nililiogopa swali hilo. Cheti cha namna ile kina jina kuu moja, mengine yanafuata chini yake. Nikamwambia kwamba kwa kompyuta haileti tofauti yoyote.

"Kwa kompyuta, sawa. Lakini kamati yangu si kompyuta." Akatazama maji. "Dada, hawa watu wametoka kule wakiwa wameumia. Siwezi kuwaambia tumerudi kuwa chini yao, hata kama ni kwa maandishi madogo."

Hakulisema kwa kiburi. Alikuwa amechoka kama mimi. Mkate wake aliukunja tena ukiwa nusu, akarudi kazini.

Jioni hiyo nilipita kwa mzee. Aliishi na mkewe katika fleti iliyotazama reli ya Red Line, na treni ilipopita vikombe vililia kabatini. Nikamwamkia shikamoo. Kila siku salamu hiyo ilimchekesha.

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi Watanzania mtanizeesha kabla ya wakati."

Nikamweleza yote isipokuwa jina la muuguzi. Nilipofika mahali pa picha yake alinikatiza.

"Wanafikiri nasoma maombi yao?"

"Wanaogopa hivyo, Mchungaji."

Treni ikapita. Alingoja imalizike. "Niliwabatizia watoto. Nilienda na wao korti ya uhamiaji, nikasimama nyuma yao siku nzima. Sasa wanafikiri nakaa hapa na kompyuta, natafuta siri zao." Hakuwa na hasira. Aliitazama mikono yake kama amekuta doa. "Weka jina lao mbele. Mimi sioni shida."

Mkewe akatokea jikoni na birika la chai mkononi. "La, hiyo hapana," alisema. "Kanisa si lako la kugawa hivyo. Kuna watu walibaki hapa, walivumilia. Na wao utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni kitu ya kompyuta."

"Waambie wewe, halafu uone."

Mzee akanitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nilikunywa chai yangu, nikaaga.

Nilikaa na jambo hilo kama wiki mbili. Nilichora majina yale kwenye bahasha, hili juu lile chini, nikageuza. Jibu lilinijia nikiwa kazini, namsikiliza bwana mmoja aliyesahau nywila yake kwa mara nyingine. Miaka ya nyuma nilisajili jina la tovuti yangu mwenyewe, nikitaka kuuza vitenge. Sikuuza hata kimoja. Ilibaki na picha ya doti moja ya kitenge cha kijani na maneno "tunakuja hivi karibuni". Kama lazima liwepo jina la juu, basi lingekuwa hilo. Makanisa yote mawili yangekaa chini yake, bila la kwanza wala la pili.

Nilipompigia kijana alicheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu waondoke. "Chini ya vitenge?"

"Chini ya vitenge, Mchungaji."

"Hiyo nitawaambia."

Mke wa mzee ndiye aliyepokea simu upande wa pili. Alifikiri kidogo. "Na hao wa Columbia wako chini vilevile?"

"Vilevile, mama."

"Basi sawa."

Mzee alikubali barua pepe yake siku hiyo hiyo. Ya kijana ilichelewa, kamati ikakaa mara mbili, mjumbe mmoja akataka kujua kama kitenge kina uhusiano na imani nyingine. Mwishowe nao wakakubali. Nilikiweka cheti Jumapili mchana, wakati makanisa yote mawili yakiwa ibadani na hakuna wa kunipigia. Nilifungua ukurasa wa Silver Spring, kufuli likaonekana. Nikafungua wa Columbia bila mkia, kufuli likaonekana. Nilibonyeza juu yake nikayaona majina yamekaa kimya, na vitenge vyangu juu yao. Sikushangilia. Nililala kitandani na viatu miguuni.

Hakuna aliyenishukuru, na hilo sikulitegemea. Tovuti ikifanya kazi hakuna anayeikumbuka.

Baada ya siku kadhaa, yule muuguzi akanipigia. "Nimesikia umetengeneza."

"Imekaa sawa sasa. Hata hospitali itafunguka."

"Sitaandika tena. Nataka kutoa zile niliandika."

Nikamwambia ninaweza kumfutia.

"Hapana. Usiguse. Nitakuja nitoe mwenyewe."

Alikuja Jumamosi adhuhuri, moja kwa moja kutoka zamu, akavua viatu mlangoni. Nilimfungulia kompyuta yangu, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikasimama dirishani nikiwa nimempa mgongo ili asinione nikiona. Kisha akaanza kusoma kwa sauti. Nilidhani anajisomea, nikataka kutoka chumbani. Akasema, "Kaa."

Maombi yalikuwa juu ya mama yake, kule Kisii, aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Kila alipopiga simu, mama aliuliza ni nani. Aliandika kwamba yeye huku anawaogesha mama za watu wengine, anawachana nywele, anawaita majina matamu, na wa kwake anaogeshwa na jirani. Hakuweza kusafiri, maana karatasi zake zilikuwa bado, na akitoka asingeweza kurudi kwa watoto. Alimwomba Mungu azitunze akili za mama mpaka karatasi zitoke. Alikuwa ameandika hivyo tena na tena, miezi na miezi, kila mara kwa maneno mafupi zaidi. La mwisho lilikuwa na maneno mawili tu: "Mungu, bado."

"Hii imepitwa," alisema. "Sasa hata haniulizi tena mimi ni nani. Ananyamaza tu."

Akabonyeza. Moja baada ya jingine yakaondoka. Alipomaliza aliniuliza kama yamebaki mahali pengine. Nikamwambia yapo kwenye nakala ya akiba, nikamwonyesha ilipo, akaifuta pia mbele yangu.

"Amina," nikasema, sijui kwa nini. Lilinitoka tu.

"Amina," akajibu.

Nikaleta chai na mandazi. Tulikaa kwenye sofa tukizungumza kidogo juu ya kwaya, juu ya Mkongo aliyekuwa akitukosoa sauti ya pili. Mume wangu aliporudi alitukuta tumelala tumekaa, kichwa cha muuguzi begani kwangu, chai imepoa. Hakutuamsha. Aliondoa vikombe, akatufunika blanketi, akaenda kulala.

Cheti kile kilidumu mwaka mmoja. Kilipokaribia kuisha nilikuwa nimepata kampuni nyingine iliyokubali kunipa anwani zaidi, nikayatenganisha makanisa, kila moja na anwani yake na cheti chake. Columbia walifurahi. Kijana alitangaza kwamba sasa wanajitegemea kabisa, watu wakapiga makofi.

Kwa mzee nilipita mwenyewe kumweleza. Mkewe alikuwa safarini Kenya, na yeye alikuwa anakaanga mayai, fulana imerowa maji.

"Kwa hivyo majina yetu hayako pamoja tena?" aliuliza.

"Hayapo, Mchungaji. Kila kanisa na lake."

Akageuza mayai. Moja lilipasuka. "Kuna watu nilikuwa nawaonyesha," alisema. "Wakija hapa, nabonyeza hiyo kufuli, nawaambia, ona."

Alizima jiko, akatoa sahani mbili kabatini, akaniuliza kama nimekula.